Kuanzia kwa wajomba hadi ripoti ya jeni: mwongozo kwa mzazi wa mtoto anayeugua bila kupumzika

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. “Mtoto amelazwa kwa nimonia mara ya tatu, VVU hana, sasa tufanyeje?” “Nimepewa karatasi ya kipimo cha vinasaba, imejaa herufi na nyota, inasemaje?” Na la tatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: “Mama mkwe anasema mimi ndiye ninayemaliza watoto wa kiume wa ukoo wao. Ni kweli?”

Hilo la tatu ndilo lililonikalisha chini kuandika. Mimi ni muuguzi wa watoto, na nimeona akina mama wakizungushwa kwa waganga miaka mizima wakati jibu lilikuwa limelala kwenye kadi za kliniki kabatini.

Jina lenyewe linaleta shida, tulimalize mapema. Ukitamka “upungufu wa kinga” mbele za watu, wanasikia UKIMWI. Hapa hatuzungumzii VVU. Tunazungumzia watoto waliozaliwa na kosa la herufi kwenye jeni moja, yaani kipande kimoja cha maandishi ya urithi, na jeni hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi ya kutengeneza sehemu fulani ya kinga. Aina zinazojulikana zimepita 450. Huhitaji kuzijua. Unahitaji kujua namna ya kuutoa mkoba wako wa karatasi na kufika kwenye jibu.

Mwongozo huu haumwondoi daktari. Unakusaidia uingie chumbani kwake ukiwa na kitu mkononi.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari jipya na kalamu za rangi mbili.
- Kadi za kliniki za watoto wako wote, hata wa mtoto aliyefariki. Kwa Kenya ni kile kitabu cha mama na mtoto.
- Karatasi zote za kuruhusiwa hospitali, majibu ya maabara, filamu za kifua. Zipige picha kwa simu na uzihifadhi mahali pawili. Karatasi za hospitali zina tabia ya kubaki hospitali.
- Bibi, mzaa mama. Kama hayupo, mama mkubwa au mtu mzima yeyote wa kuukeni ambaye bado ana kumbukumbu.
- Jibu la VVU la mtoto na la mama.
- Uvumilivu. Safari hii inaweza kuchukua miezi.

Hatua ya 1: Yapange maradhi kwa tarehe

Usiandike “anaumwaumwa.” Daktari hawezi kufanya lolote na neno hilo. Chora safu nne: tarehe, umri, ugonjwa, dawa aliyopewa na kama ilikuwa ya sindano. Kisha hesabu. Yafuatayo yanatosha kuanza kuuliza maswali: nimonia mara 2 au zaidi ndani ya mwaka, usaha wa masikio mara 4 au zaidi ndani ya mwaka, miezi 2 ya antibayotiki bila nafuu ya maana, majipu ya ndani yanayojirudia, hasa ya ini au tezi, utando mweupe wa fangasi mdomoni usiokwisha, uzito uliosimama, maambukizi yaliyoingia kwenye damu au uti wa mgongo zaidi ya mara moja.

Andika pia ugonjwa ulianza mtoto akiwa na umri gani. Mtoto anazaliwa na kingamwili (protini za damu zinazokamata vimelea) alizopewa na mama yake kupitia kondo, nazo humlinda kwa takriban miezi 6. Mtoto aliyekuwa mnene na mzima hadi mwezi wa sita au wa saba, kisha nimonia na masikio yakaanza kupishana, huenda hatengenezi kingamwili zake mwenyewe. Aliyeanza kuharisha, kukonda na kuota fangasi mdomoni tangu mwezi wa pili au wa tatu ana tatizo la kina zaidi, mara nyingi la seli T (seli nyeupe zinazoongoza kinga nzima), na huyo hana muda wa kusubiri. Ukikutana na mtoto wa namna hiyo, achana na mwongozo huu kwa sasa, mpeleke hospitali ya rufaa leo.

Jambo jingine la kuandika: sehemu aliyochomwa BCG. Ilipona kwa kovu dogo kama la watoto wengine, au ilichimbika, ikatoa usaha, tezi za kwapani zikavimba? BCG ni kimelea hai kilichopunguzwa makali, na mtoto asiye na kinga anaweza kuugua kutokana nacho.

Hatua ya 2: Chora ukoo

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, na ndipo watu wanapoharakisha. Kipimo cha jeni kinagharimu fedha nyingi. Mchoro wa ukoo unagharimu kikombe cha chai ya bibi.

Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyefariki mpige mstari wa mshazari. Mgonjwa mpake rangi. Anza na mtoto wako chini kabisa, panda kwa wazazi, kisha mababu na mabibi, na ushuke pembeni kwa ndugu zao na watoto wao.

Sasa onyo: Kiswahili chetu ni kizuri kwa undugu lakini kinatusaliti kwenye mchoro. “Kaka” anaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, au mtoto wa mama mdogo. “Ndugu” ni kila mtu. “Binamu” hasemi ni wa upande gani. Kwa kila jina uliza: huyu alitoka tumbo la nani? Andika “mtoto wa kwanza wa mama mdogo,” usiandike “binamu.”

Neno moja linatusaidia kuliko lugha nyingi zinavyowasaidia wenyewe: mjomba. Mjomba ni kaka wa mama, basi, hachanganywi na baba mdogo. Na magonjwa kadhaa ya kundi hili yanakaa kwenye kromosomu X, furushi la jeni ambalo mvulana hulipata kwa mama peke yake. Kwa hiyo waulize wajomba kwanza: wajomba wa mtoto, wajomba wa mama (yaani kaka za bibi), na watoto wa kiume wa mama wakubwa na mama wadogo. Wangapi walikufa kabla ya kwenda shule?

Usiulize “nani alikuwa na ugonjwa wa kinga?” Utajibiwa hakuna. Uliza bibi alibeba mimba ngapi, wangapi walizaliwa hai, wangapi walikufa kabla ya kupewa jina au kabla ya kuota meno. Watoto hao mara nyingi hawahesabiwi. Halafu uliza kilitokea nini, si kilichosababisha. Ukiuliza sababu utapewa jicho la mtu, chango, jirani. Ukiuliza kilichotokea utaambiwa: “alikohoa siku tisa, akapelekwa misheni, akarudi, mwezi haukuisha akakohoa tena.” Hiyo ndiyo unayoiandika.

Ukimaliza, utazame mchoro kwa mbali:

- Wagonjwa ni wavulana tu, na wote wameunganishwa na wanawake wa kuukeni walio wazima: fikiria kromosomu X. Jeni za huko ni kama BTK (kukosa kingamwili), IL2RG (kukosa seli T), CYBB (seli nyeupe zinameza vimelea lakini haziviui), WAS (ukurutu, kutokwa damu na maambukizi) na CD40LG.
- Wagonjwa ni wavulana na wasichana, wazazi wazima, hasa kama wazazi wana undugu: fikiria kasoro iliyotoka pande zote mbili, kama ADA, RAG1, RAG2, JAK3 au NCF1. Pwani, kama ilivyo kwa jamaa zetu wa Oman, kumwoa binti wa ami ni jambo la kawaida. Liandike tu kwenye mchoro kwa mistari miwili kati ya mume na mke. Ni taarifa, si aibu.
- Mzazi mgonjwa, mtoto mgonjwa, pengine babu naye: kasoro moja inatosha kuleta ugonjwa, kama STAT3.
- Mtoto wako peke yake: haimaanishi kitu. Karibu nusu ya wavulana wenye kasoro ya BTK ni wa kwanza kugunduliwa katika familia zao.

Yeyote asiyeamini uzito wa mchoro amkumbuke David Vetter wa Houston, Marekani, mvulana aliyezaliwa 1971 bila kinga. Madaktari walimweka kwenye chumba cha plastiki kisicho na vimelea punde tu alipozaliwa, kabla hajaumwa chochote. Walijuaje? Kaka yake alikwishafariki akiwa mchanga kwa ugonjwa huohuo. Aliishi miaka 12 ndani ya kuta hizo, na hakufa kwa kukosa utambuzi.

Hatua ya 3: Funga mlango wa VVU kwa kipimo sahihi

Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kipimo cha haraka cha kidole hakitoshi, kwani kinasoma kingamwili, na hizo zinaweza kuwa za mama. Anahitaji PCR, inayotafuta kirusi chenyewe.

Na kuna mtego wa pili ambao hata wahudumu huusahau: mtoto asiyetengeneza kingamwili hawezi kutoa jibu la kuaminika kwenye kipimo chochote kinachosoma kingamwili, awe na umri wa miaka mingapi. Kama mnashuku tatizo la kingamwili, omba PCR hata kama ana miaka 5.

Wakati huohuo wafute washukiwa wa kawaida: utapiamlo, selimundu, kifua kikuu cha mtu wa nyumbani, moyo wenye tundu, moshi wa mkaa chumbani. Wengi wa watoto wanaokohoa kila mwezi wana moja ya haya.

Hatua ya 4: Soma tena kipimo cha damu mlichokwisha kulipia

Mtoto wako bila shaka ana kipimo cha FBP mkobani, kile wanachokiita hemogramu Kenya. Kitoe. Tafuta mstari wa WBC (seli nyeupe zote) na mstari wa limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T) wenye alama ya #, yaani idadi. Kama # haipo, chukua WBC uzidishe kwa asilimia ya limfosaiti. Mfano: WBC 6.2, limfosaiti asilimia 20. Sita nukta mbili mara 0.20 ni 1.24, yaani limfosaiti 1,240 kwa kila mikrolita.

Kwa mtu mzima 1,240 ni sawa. Kwa mtoto wa miezi mitatu ni kengele. Mtoto mchanga mwenye chini ya 3,000 anahitaji kutazamwa upya, na mashine haitakuambia, kwa sababu maabara nyingi huchapa viwango vya mtu mzima pembeni. Hakuna alama nyekundu, hakuna herufi L, karatasi inapita mikononi mwa watu watano. Kipimo kikirudiwa na idadi ikabaki chini, mwonyeshe daktari kwa kidole.

Tazama pia chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zikiwa chache na ndogo kwa mvulana mwenye ukurutu, taja jina la Wiskott-Aldrich, ugonjwa wa ile jeni ya WAS, mbele ya daktari.

Kuwa na idadi nzuri hakumsafishi mtoto. Mwenye kasoro ya BTK au CYBB anaweza kuwa na FBP ya kupendeza.

Hatua ya 5: Pima kinga kabla ya kupima jeni

Kosa kubwa la wenye uwezo ni kuruka hatua hii. Wanalipia kipimo cha jeni cha nje ya nchi, jibu linarudi na kasoro tatu za kutiliwa shaka, na hakuna wa kusema ipi inahusika, kwa kuwa hakuna anayejua kinga ya mtoto imevunjika wapi.

Omba vitu vitatu, kwa mpangilio huu kulingana na hadithi ya mtoto:

Cha kwanza, kiwango cha IgG, IgA na IgM, aina tatu za kingamwili. Kumbuka kwamba kabla ya miezi 6 IgG inayoonekana ni ya mama kwa sehemu kubwa, hivyo IgG nzuri ya mtoto wa miezi mitatu haina maana uliyoitarajia.

Cha pili, hesabu ya seli kwa alama zake: CD3, CD4, CD8 kwa seli T, CD19 kwa seli B (zinazozaa kingamwili), CD16 na CD56 kwa seli NK (zinazoua seli zilizoambukizwa). Hospitali nyingi zenye kliniki ya VVU zina mashine ya CD4, na CD4 peke yake tayari ni mwanzo mzuri. Mvulana mwenye seli T za kutosha lakini seli B karibu sifuri, IgG chini kabisa, na ukimulika kooni zile tezi wanazoita tonsesi hazionekani: huyo ameshakuambia jeni yake, BTK, kabla ya kuipima.

Cha tatu, kwa mtoto wa majipu na tezi zinazooza, kipimo cha uwezo wa seli nyeupe kuchoma vimelea. Kinaitwa NBT au DHR.

Tahadhari za sampuli: damu ya kuhesabu seli na ya DHR haiwekwi kwenye friji wala kwenye barafu, inakaa joto la kawaida la chumba na iwahi maabara. Sampuli ya mtoto mmoja niliyemhudumia ililala friji wikiendi nzima kwa nia njema kabisa, ikabidi achomwe upya. Na kama mtoto ameshawekewa immunoglobulini ya mshipani, yaani kingamwili za watu wengine, IgG itakayopimwa ni ya wachangiaji wa damu wasiojulikana. Chukueni damu kwanza, dawa baadaye.

Hatua ya 6: Peleka sampuli ya jeni

Damu huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi. Kabla ya kulipa uliza haya, na uandike majibu:

1. Mnapima jeni moja, kundi la jeni za kinga, au sehemu zote zinazotengeneza protini? Kama mchoro na seli B vinaelekeza kwa BTK, jeni moja inaweza kutosha. Kama hakuna kielekezi, kundi ni bora.
2. Je, mnaona vipande vikubwa vilivyofutika au kurudufika, au herufi mojamoja tu?
3. Mtachukua damu ya wazazi pamoja? Mkipima watatu, jibu huwa safi zaidi.
4. Mkigundua kwamba baba aliyetajwa si baba mzazi, mtaandika?

Swali la nne msilione la utani. Nimeona nyumba ikitikisika. Mama aulizwe peke yake, faragha, kabla ya sindano.

Kama mtoto ameongezewa damu karibuni, sema. Kama alishapandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), vinasaba vya damu yake ni vya mchangiaji. Kwake hutumika sampuli ya ngozi.

Hatua ya 7: Soma ripoti

Ripoti itakuja kwa Kiingereza, kurasa nne au tano. Ruka maelezo yote, nenda kwenye jedwali. Tuchukue mfano wa kasoro inayojulikana sana ya BTK: c.1558C>T, p.Arg520*.

Herufi c. inahesabu herufi za jeni. Herufi ya 1558 ilitakiwa kuwa C, imekuwa T. Herufi p. inahesabu pingili za protini. Pingili ya 520 ilitakiwa kuwa arginini. Badala yake kuna nyota. Nyota ni amri ya kusimama. Protini ya BTK ina pingili 659, ya mtoto huyu inaishia 519. Seli B haziwezi kukomaa bila hiyo.

Alama nyingine utakazokutana nazo: majina mawili yenye namba katikati, kama p.Arg28His, maana yake pingili moja imebadilishwa na nyingine. Hii huweza kuwa kasoro kubwa au isiwe kitu. Herufi fs ni kwamba mfuatano umeteleza. Jeni husomwa herufi tatutatu. Soma UZI HUU NDO ULE, kisha futa Z uone: UIH UUN DOU LE. Kuanzia hapo ni vurugu mpaka mwisho. Alama kama +1 au -2 baada ya namba ni kasoro mpakani, pale ambapo vipande vya jeni huunganishwa.

Safu inayofuata inasema nakala ngapi zimeharibika. Neno linaloanza na hemi- ni la mvulana mwenye X moja, nayo imeharibika. Linaloanza na hetero- ni nakala moja kati ya mbili. Linaloanza na homo- ni zote mbili, kwa kasoro ileile. Kwa jeni inayohitaji kuharibika pande mbili, kama ADA, kukutwa na nakala moja tu mbovu hakuelezi ugonjwa. Muulize mtaalamu kama ya pili imetafutwa vizuri.

Kisha daraja. Ni matano: inasababisha ugonjwa, yaelekea inasababisha, haijulikani, ambayo ripoti huiandika VUS, yaelekea haina madhara, haina madhara. Mawili ya kwanza yanatumika kufanya maamuzi. VUS haitumiki. Nasisitiza kwa sababu nimeona mtu akiacha kuzaa kwa sababu ya VUS. Sisi Waafrika tunapata VUS nyingi kuliko Wazungu kwa sababu isiyo na siri: hazina za vinasaba kama gnomAD zimejaa watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo badiliko la kawaida kabisa la mtu wa Singida au Kisumu linaonekana geni.

Mwisho, linganisha ripoti na mtoto. BTK iliyokatika pamoja na seli B sifuri: zinakubaliana. BTK yenye VUS na seli B tele: jeni hiyo haijashtakiwa kwa haki.

Hatua ya 8: Rudi kwenye mchoro

Sasa mpime mama kwa kasoro hiyohiyo tu, kipimo ambacho ni rahisi kuliko cha kwanza. Akiwa nayo kwenye X moja, kila mtoto wa kiume atakayembeba ana nafasi nusu ya kuugua, na kila binti nafasi nusu ya kuibeba kama yeye. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kusema “wa kwanza ameshaumwa, wa pili atapona” ni kama kudai sarafu inakumbuka ilivyoanguka jana. Kwa kasoro ya pande mbili, kila mimba ina nafasi robo ya kuleta mtoto mgonjwa, na hapo baba na mama wamechangia sawasawa.

Baada ya mama, dada zake. Mama mdogo ambaye hajaolewa ana haki ya kujua, na ana haki ya kukataa kujua. Mjomba mzima wa afya hana cha kurithisha kwa kasoro ya X, msimsumbue.

Na yule mama mkwe? Ajibiwe hivi: herufi moja iligeuka, pengine kwa mama, pengine kwa bibi, pengine siku mtoto mwenyewe alipotungwa. Hakuna aliyeigeuza kwa mkono. Ukweli kwamba ni mama aliyeibeba hauwi hatia kwa sababu tu umechapwa na maabara.

Hatua ya 9: Yasiyosubiri ripoti

Mengine yaanze mkiwa bado mnasubiri barua pepe ya maabara. Daktari anaweza kumwanzishia septrini ya kuzuia maambukizi. Chanjo hai, yaani BCG, matone ya polio, rota na surua, zijadiliwe naye moja moja. Msijiamulie wenyewe kuacha zote, maana chanjo za penta, za nimonia na polio ya sindano si hai. Mtoto anayeshukiwa kukosa seli T asiongezewe damu ambayo haijapigwa mionzi. Mdogo wake akizaliwa, BCG na matone ya siku ya kwanza visubiri mpaka daktari aandike; mueleze mkunga kabla ya uchungu, si wodini usiku wa manane.

Kwa asiyetengeneza kingamwili, tiba ni kumpa za wengine: immunoglobulini kila wiki 3 au 4, kwa kawaida miligramu 400 hadi 600 kwa kilo, maisha yote. Daktari wa Marekani Ogden Bruton alilieleza tatizo hili 1952 kwa mvulana wa miaka 8, akamtibu kwa sindano za namna hiyohiyo. Jeni yenyewe ikaja kujulikana 1993. Miaka 41 watu walitibiwa bila kuijua herufi. Kwa hiyo msiache kutibu kwa kuwa ripoti haijafika. Kwa asiye na seli T, tiba ya kuponya ni uloto, na matokeo ni mazuri zaidi akipandikizwa kabla ya miezi mitatu na nusu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu, hivyo neno hilo si geni tena kwetu. Lakini kwa ugonjwa huu wengi bado wanaelekezwa nje.

Mambo yakikwama

*Ripoti inasema hawakuona kitu.* Haijasema mtoto mzima. Imesema hawakuona kwenye jeni walizotazama kwa njia waliyotumia. Rudi kwenye majibu ya swali la 2 la hatua ya 6. Omba data ghafi ihifadhiwe. Jeni mpya huongezwa kila mwaka na inaweza kusomwa upya bila sindano.

*Tumepewa VUS.* Wapime wazazi na ndugu wa kiume. Kaka mzima wa miaka 20 mwenye kasoro hiyohiyo ya X ni shahidi mkubwa wa utetezi. Uliza tena baada ya mwaka au miwili, kwani daraja hubadilika.

*Mama hana kasoro.* Basi inaelekea ilianza kwa mtoto. Lakini yai zaidi ya moja linaweza kuwa nayo hata damu yake ikiwa safi, kwa hiyo mimba ijayo ya kiume bado ipimwe.

*Mtoto alishafariki, hatukupima.* Mama anaweza kupimwa mwenyewe kwa jeni za X kama mchoro unaelekeza huko. Uliza pia kama hospitali ilihifadhi tone la damu kwenye karatasi ya kipimo cha VVU cha utotoni, au kipande cha nyama cha uchunguzi. Wakati mwingine kipo.

*IgG iko chini lakini seli B zipo.* Usikimbilie BTK. Angalia kama mtoto anapoteza protini kwa mkojo au kuhara, anatumia dawa za kifafa au steroidi, au ni chini ya miaka miwili na kinga yake imechelewa tu kuamka. Rudia baada ya miezi mitatu hadi sita.

*Baba hataki damu yake ichukuliwe.* Anzeni na mama na mtoto. Mara nyingi anaogopa kipimo cha VVU kilichofichwa ndani yake. Mwonyesheni fomu, kipimo kimeandikwa jina. Akikataa bado, mwacheni. Kwa kasoro ya X hahitajiki kabisa.

*Daktari amesema “hayo magonjwa ni ya Wazungu.”* Usibishane. Fungua daftari kwenye ukurasa wa wajomba, liweke mezani, unyamaze.